Gramu 180 za santuri: zinakupa nini hasa?

Stika ya "gramu 180" imeuza santuri nyingi. Mtu anaishika, anasikia uzito mkononi, na papo hapo anaamini kwamba hata muziki utakuwa mzito. Naelewa kabisa, maana santuri nene inapendeza kushika. Lakini mimi napiga santuri, kwa kusikiliza na kwa kazi ya u-DJ, na msimamo wangu ni kwamba unene ni habari ya mkono zaidi kuliko habari ya sikio. Ukilijua hilo, utanunua kwa akili zaidi na utazichezesha vizuri zaidi.

Anza na sindano. Yenyewe haijui chini yake kuna plastiki kiasi gani. Inapita ndani ya mfereji wenye upana wa takriban sehemu moja ya ishirini ya milimita, na kina cha karibu nusu ya hapo. Ukichukua kalibu moja ukagandamiza santuri ya gramu 120 na nyingine ya gramu 180, mifereji ni ileile. Kilichoongezeka ni vinili, yaani plastiki ya santuri, ya katikati, ambayo sindano haiigusi hata siku moja.

Sauti inaamuliwa kwingine: nani alichonga santuri mama na alichongea kutoka kwenye rekodi gani, vinili ilikuwa safi kiasi gani, kiwanda kiliipa joto na muda wa kutosha kwenye mashine au kiliharakisha. Harakaharaka hiyo huacha sehemu za mfereji ambazo vinili haikujaa, na hapo utasikia mkwaruzo kama wa kitu kinachochanika, unaorudi kila mzunguko. Hakuna gramu za kuutibu.

Kama unataka namba ya kuangalia kabla hujalipa, angalia dakika za kila upande. Upande wenye dakika 12 au 15 unampa mchongaji nafasi ya kutanua mifereji, kwa hiyo besi inakuwa nene na sauti inakuwa juu. Upande uliosongwa dakika 25 lazima ushushwe sauti ili mifereji isigongane. Ndiyo maana santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 45 kwa dakika, yenye wimbo mmoja kila upande, huwa inapiga kwa nguvu klabuni hata ikiwa nyepesi. Na uangalie wimbo wako uko wapi: kwa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mfereji wa nje unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde, wakati karibu na lebo kasi inashuka hadi sentimita 21 hivi. Wimbo wa mwisho wa upande mrefu huanza kupoteza ung'avu hapo, santuri iwe nene au nyembamba.

Picha-diski ni ushahidi mzuri. Zile santuri zenye picha ndani huwa nene na nzito, lakini nyingi zina mvumo na mchakacho kuliko santuri nyeusi ya kawaida, kwa sababu mfereji umegandamizwa kwenye utando mwembamba wa plastiki angavu juu ya karatasi ya picha. Kwa upande wa pili kuna Dynaflex, santuri za kampuni ya RCA ya Marekani za miaka ya 1970, nyembamba kiasi kwamba ukiishika ukingoni inayumba. Nimezisikiliza zinazocheza bila mchakacho kabisa.

Sasa tuje kwenye mkono, maana huko ndiko unene unakokuwa na maana.

Unaposhikilia santuri huku sahani ya deki ikiendelea kuzunguka chini yake, kinachokuvuta vidole ni msuguano wa slipmati, kile kitambaa kinachokaa kati ya sahani na santuri. Msuguano huo unakua pamoja na uzito, kwa hiyo ya gramu 180 inakuvuta karibu mara moja na nusu ya ile ya gramu 120. Ukiiachia, haichelewi kushika mwendo kama wengi wanavyodhani: uzito umeongeza uzembe wake wa kuanza kuzunguka, lakini umeongeza pia mshiko wa kitambaa, na viwili hivyo vinafutana. Tofauti kubwa utaipata kwenye deki ambayo mota inazungusha sahani kwa mkanda, au yenye mota dhaifu, ambapo ukishikilia santuri nzito, sahani nzima inapungua mwendo, na ukiachia wimbo unaingia ukiwa umelegea. Kwenye deki ya Technics SL-1200, ambayo tangu ilipotoka 1972 mota yake inazungusha sahani moja kwa moja, hilo halikusumbui sana.

Kwenye kuoanisha midundo kwa mkono, santuri nzito ina tabia ninayoipenda. Ukigusa ukingo wake kidogo inabaki imeshikana na sahani, na mwendo unapungua taratibu. Nyepesi, mguso uleule unaweza kuitelezesha ghafla, na mdundo ukaruka nyuma kuliko ulivyokusudia. Kwa hiyo kwa miksi ndefu za taratibu nachagua nzito bila kusita.

Kuskrachi ni habari nyingine. Hapo mkono unaenda na kurudi mara nyingi ndani ya sekunde chache, na kila gramu unaisimamisha na kuianzisha upya. Nzito inachosha kiwiko na kuchelewesha vidole. Wanaoskrachi kwa umakini hupenda za kawaida, kati ya gramu 120 na 140. Usishuke chini sana, kwa sababu nyembamba mno inabonyea chini ya vidole, uso wake unatikisika, na sindano inaruka. Kama santuri unayoihitaji ni nzito na huna nyingine, badilisha slipmati badala ya kulazimisha mkono: tafuta nyembamba na laini zaidi, au kata duara la karatasi yenye nta uliweke chini ya kitambaa. Utashangaa jinsi mkono unavyokuwa mwepesi.

Kuhusu kuinua mkono wa deki, ule unaobeba sindano, kila unapobadilisha unene, usijitese. Kwenye SL-1200MK2 kutoka mhimili wa mkono hadi ncha ya sindano ni milimita 230. Unene ukiongezeka milimita 1 nzima, pembe ya sindano inabadilika kwa robo ya digrii tu. Weka urefu unaofaa santuri zako nyingi, uache hapohapo. Gramu zinazogusa mfereji ni zile ambazo katriji, yaani kichwa kinachoshika sindano, inakandamiza nazo, na hizo ndizo za kupima kwa makini: nyingi za ma-DJ zinakaa kwenye gramu 3 hadi 4, za kusikilizia nyumbani kwenye 2 hivi.

Kitu kinachotesa kazi kuliko unene ni kupinda. Nyembamba hupinda upesi ikiachwa karibu na joto, lakini mara nyingi hulala ukiikandamiza kwa kibano cha katikati. Nene haipindi kirahisi, ila ikishapinda inakuwa mbishi. Na kuna kasoro ninayoiona zaidi kwenye santuri nzito zilizotolewa kwenye mashine kabla hazijapoa: zinakuwa na umbo la bakuli pana, kidogo tu, hata jicho linaweza lisione. Msikilizaji wa nyumbani hajali sana. DJ anajali, kwa sababu upande mmoja kingo zinalala vizuri juu ya slipmati na santuri inashika barabara, lakini ukigeuza, kingo zinanyanyuka na santuri inakalia lebo peke yake. Mshiko wa pale katikati ni mdogo mno. Unaachia wimbo, unakuja umechelewa, unagusa, inateleza. Ilaze kwenye meza tambarare, bonyeza ukingo kwa kidole upande mmoja, kisha geuza ubonyeze tena. Ikicheza chini ya kidole, iache dukani, hata kama ina stika tatu.

Jaribu pia tundu. Kwenye santuri mpya mara nyingi ni finyu, na ukiisokomeza, santuri inashikana na kile kijiti cha katikati na kuzunguka nacho, huku wewe ukilaumu slipmati. Viringisha msasa laini, zungusha ndani ya tundu kidogokidogo, jaribu, futa vumbi, rudia. Acha mara tu inapoingia bila kulazimishwa. Tundu likizidi ukubwa, santuri inayumba pembeni na sauti inapanda na kushuka, hasa kwenye piano na noti zinazovutwa.

Kisha kuna mgongo wako. Santuri 80 za gramu 120 ni kilo 9.6 kabla ya majalada. Za gramu 180 ni kilo 14.4. Mimi za kuzungukia naziweka nyepesi, na nzito zinabaki nyumbani isipokuwa wimbo haupatikani kwingine.

Santuri ndogo za inchi 7 za zamani za Marekani zinahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu nyingi hazikutengenezwa kwa vinili bali kwa stirini, plastiki ngumu na nyepesi. Ukiigonga kwa ukucha inatoa mlio mkavu, na lebo yake kwa kawaida imebandikwa kwa gundi au kuchapwa moja kwa moja juu ya plastiki. Kwa hizo, usitafute mwanzo wa wimbo kwa kuzirudisha nyuma na mbele chini ya sindano nzito. Mwanzo wa wimbo unaungua, na mchakacho wake haufutiki kwa kusafisha. Tumia sindano ya ncha ya duara, punguza gramu hadi kiwango cha chini ambacho mtengenezaji wa katriji anaruhusu, weka sindano mwanzoni, na uiachie icheze.