Mwanza–Bukoba kwa ndege: usiamini dakika 20 za kikokotoo

Mkuu, umeuliza Mwanza hadi Bukoba kwa ndege ni kilomita ngapi na muda gani, maana una harusi ya shemeji Jumamosi mchana na kikokotoo cha mtandaoni kimekupa dakika 20. Kazi yangu iko kanda hii, na njia hiyo nimeipita kwa ndege, basi na meli.

Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 175, sehemu kubwa ni maji ya Ziwa Victoria. Kikokotoo chako kimegawa tu umbali kwa mwendo. Bukoba zinatua ndege za pangaboi (za propela, zenye mwendo mdogo kuliko jeti), na kwa kipande kifupi hivyo ndege haijamaliza vizuri kupanda, tayari inashuka. Weka dakika 40 hadi 50 angani, halafu ongeza kuripoti mapema. Uwanja wa Mwanza uko nje kidogo ya mji, kule Ilemela. Wa Bukoba uko mjini kabisa, pembeni ya ziwa, ukishuka umefika.

Umbali siyo unaokwamisha watu. Kwanza ratiba. Ndege ya moja kwa moja usitegemee kila siku. Mara nyingi kipande hicho kimeunganishwa na safari ya Dar. Siku isiyokuwepo, mtandao unakupitisha Dar bila aibu: Mwanza–Dar kama kilomita 850, Dar–Bukoba zaidi ya 1,000. Yaani unaruka karibu 1,900 kwenda ng'ambo ya ziwa! Kuna watu wanaangalia bei tu, wanalipia, wanakuja kushtuka wakiona saa za kusubiri Dar. Soma tiketi yote kabla ya kulipa.

Pili ni hali ya hewa, na hapa ndipo ningekuwa mwangalifu. Upande wa magharibi wa ziwa, mvua za radi hupenda usiku na asubuhi: usiku upepo wa nchi kavu unakutana juu ya maji, mawingu yanajengeka, kisha upepo wa mashariki unayasukuma kuelekea Bukoba. Ajali ya Novemba 6, 2022, ambayo ndege iliingia ziwani karibu na uwanja na watu 19 wakafariki, ilitokea asubuhi kukiwa na mvua. Kwa hiyo rubani akizunguka juu, au akaamua kurudi Mwanza, usimlalamikie. Nimekuwa kwenye ndege iliyogeuza hivyo. Abiria walinuna, mimi nilimshukuru.

Kwa harusi ya Jumamosi mchana, ndege ya Jumamosi asubuhi siishauri hata kidogo. Panda ya Ijumaa. Ukikosa, basi la Ijumaa alfajiri kupitia Geita, Chato, Biharamulo na Muleba linakufikisha siku hiyohiyo. Ni zaidi ya kilomita 400, lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 ile foleni ya kivuko haipo tena. Meli ya MV Victoria nayo inasafiri usiku kupitia bandari ya Kemondo, unaamkia Bukoba, ila haitoki kila siku, ulizia bandarini mapema.

Ukipata ndege ya moja kwa moja, chagua dirisha la kushoto. Kukiwa kweupe unakiona kisiwa cha Rubondo. Ukerewe iko kulia, mara tu baada ya kuruka.