Barua kwa mwanangu: semina uende, lakini uangalie haya

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikitoka zamu, nikaona huu si wa kujibiwa kwa simu. Umeuliza mawili. La kwanza: chuoni imetangazwa semina ya siku tatu ya kujitambua na kufanya kazi kwa timu, ada elfu thelathini, je, uende au hela hiyo ifanye mengine? La pili ndilo lililonikalisha chini: mtu anafundishwaje kushirikiana, ikiwa kikundi chenu cha asaimenti mko sita, kazi mnaifanya wawili, na matokeo yakitoka wote mna maksi zile zile?

Nenda. Ila nikuambie mapema cha kutafuta huko, maana semina za namna hii zimekuwa nyingi, na nyingine mtu unalipia kupiga makofi tu.

Nianze na hao wanne wanaokukera. Kulikuwa na mhandisi wa kilimo Mfaransa, Max Ringelmann, aliyepima nguvu za watu wakivuta kamba, akachapisha matokeo yake mwaka 1913. Kwa hesabu zake, watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja anatoa kama nusu tu ya nguvu anayoitoa akiwa peke yake. Sehemu ya sababu ni kwamba hawavuti kwa wakati mmoja. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Marekani walirudia jaribio hilo kwa ujanja: wakawafunga watu vitambaa machoni, wakawaaminisha kwamba wenzao walio nyuma yao wanavuta, kumbe hakuna anayevuta. Nguvu ikashuka vilevile. Baadaye mwanasaikolojia Bibb Latané na wenzake wakafanya majaribio ya kupiga kelele na makofi, wakaona jambo lile lile. Halafu mwaka 1981 wakabadilisha kitu kimoja tu: kila mtu akajulishwa kwamba hata akiwa kundini, sauti yake inapimwa peke yake. Uvivu ukaondoka.

Sasa angalia kikundi chenu. Mhadhiri anapokea karatasi yenye jalada moja, majina sita, namba za usajili sita. Nani anajua nani kaandika nini? Hakuna, isipokuwa wewe unayelalamika kwangu usiku. Siku ya kwanza ya kazi inayofuata, kabla ya kufungua kitabu chochote, gawaneni vipande, na kila kipande kiandikwe jina la mtu kwenye grupu lenu la WhatsApp ambako wote mnaona. Halafu pangeni siku ya kusomeana, siku mbili tatu kabla ya kukabidhi, kila mtu asome chake mwenyewe. Mtu akijua Jumatano atasoma mbele ya wenzake, Jumanne atakuwa macho. Asiyeleta, jina lake lisiingie kwenye jalada, na hilo mkubaliane siku ya kwanza, si siku ya ugomvi.

Na wewe mwenyewe, mama, nikuulize. Hao wanne hawafanyi, au huwaachii? Nakujua tangu mdogo. Ulikuwa ukimwona mdogo wako anafagia vibaya unamnyang'anya fagio, na yule akajifunza mapema sana kwamba akifagia ovyo atapumzishwa. Sisemi ndivyo ilivyo huko chuoni, sikuwepo. Lakini kwenye ujumbe wako umesema mara mbili "nikaona bora nifanye mwenyewe". Anayesema hivyo huwa anapata A, na anamaliza chuo hajui kumwelekeza mtu kazi.

Huko kwenye semina watasema sana juu ya kujitambua, watawapa na dodoso la kujua aina ya haiba yako, ukajikuta umeandikiwa herufi nne. Lifurahie, ila usilibebe kama cheti cha kuzaliwa. Wengi wakilirudia baada ya wiki chache hupata herufi nyingine. Mimi kujitambua nakuona kwa njia ya taabu kidogo: chagua wawili kwenye kikundi chenu, mmoja wao awe kati ya hao wanne, umuulize kila mmoja peke yake, "Ninafanya nini kinachokwamisha kazi?" Kisha unyamaze. Usijitetee. Hapo utapata mambo ambayo dodoso halina.

Umeuliza kama kushirikiana kunafundishika. Kwetu thieta, chumba cha upasuaji, nimeona kukifundishwa watu wazima wenye mvi. Upasuaji mmoja una daktari mpasuaji na msaidizi wake, mtu wa usingizi, nesi wa kutoa vifaa, na nesi anayezunguka kuleta kinachopungua. Zamani mpasuaji alikuwa ndiye mwenye sauti, waliobaki ni mikono yake. Nesi akiona jambo analimeza. Ukisema ukakosea utaaibishwa, ukisema ukapatia utaitwa mjuaji.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya usalama wa upasuaji: mambo 19, karatasi moja, yanasomwa kwa sauti mara tatu, yaani kabla ya mgonjwa kupewa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Iliwahi kujaribiwa kwenye hospitali za miji minane duniani. Kulikuwa na London, Toronto, Seattle, Auckland, Manila, New Delhi, Amman, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu hii ya Kilombero. Matokeo yalipochapishwa Januari 2009, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Ukiisoma karatasi yenyewe utashangaa, maana sehemu yake kubwa ni watu kuulizana na kujibizana.

Kipengele kimoja kilituchekesha kilipofika kwetu: kabla ya kuanza, kila mtu ataje jina lake na kazi yake. Tunajuana, tumekula pilau kwenye harusi za watoto wetu, sasa tujitambulishe nini? Maana yake niliiona siku moja kwa nesi mgeni. Ilikuwa upasuaji wa kujifungua, mtoto ameshalia, daktari anajiandaa kufunga tumbo. Yule binti amezitandaza gozi zilizotumika, vile vitambaa vya kunyonya damu, tano tano kwenye mpira uliotandikwa sakafuni, anahesabu. Akasema, "Daktari, hesabu haijatimia. Imepungua moja." Daktari akamwambia ahesabu tena. Akahesabu. "Moja bado haipo, daktari." Sindano ikasimama. Tukatafuta kwenye ndoo, chini ya meza, daktari akarudisha mkono tumboni. Ikaja kuonekana imenata kwenye mkunjo wa shuka, karibu na miguu ya mama. Daktari alinuna, akafunga, hakusema ahsante. Lakini alisubiri. Na yule binti, ambaye wiki yake ya kwanza hata salamu aliitikia kwa kichwa, alikuwa ametaja jina lake kwa sauti mbele ya watu hao hao muda mfupi kabla. Aliyeshafungua mdomo mara moja mbele ya wakubwa, mara ya pili haimgharimu sana.

Kwenye mafunzo kazini tuliletewa pia utafiti wa Amy Edmondson, mwalimu wa Harvard. Miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa mawodini, akitegemea timu nzuri ziwe na makosa machache. Akakuta kinyume chake: timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye rekodi. Ilimchukua muda kuelewa kwamba huko watu walikuwa wakiyasema, na kwingine walikuwa wakiyafukia. Tangu nisikie hilo, nikikuta kikundi kinachosema "sisi hatujawahi kutofautiana" naingiwa na wasiwasi.

Utaniambia umoja mlishafundishwa JKT. Ni kweli, mpango ule wa vijana wa kidato cha sita uliporudishwa mwaka 2013 mimi nilikuwa kati ya wazazi waliofurahi, na zamu yako ilipofika ulirudi unaamka kabla ya jogoo, unajua kula haraka na kumsubiri mwenzako aliyebaki nyuma kwenye mchakamchaka. Sibezi hata kidogo. Lakini kule kuna afande. Mmoja akizembea, kombania nzima inalipa, na afande ndiye anayehakikisha. Chuoni hakuna filimbi. Mko sita mlio sawa, hakuna mwenye cheo, na ndiyo maana kushirikiana huko ni kugumu zaidi. Kazini nako mara nyingi ni hivyo hivyo: atakayekukwamisha si bosi wako, ni mwenzako wa meza ya pili usiye na amri juu yake.

Kwa hiyo huko semina, angalia kitu kimoja. Mtacheza michezo, hilo halina shaka. Mtavuta kamba, mtafungwa macho na kuongozwa na wenzenu, huenda mkapewa tambi kavu, uzi na gundi ya karatasi mjenge mnara. (Huo mchezo wa mnara una kisa: Tom Wujec, aliyeuendesha mara nyingi, anaeleza kwamba watoto wa chekechea huwashinda wanafunzi wa biashara. Wale wakubwa wanatumia muda kutafuta nani awe mkubwa na kuchora mpango mmoja. Watoto wanaanza kujenga, ukianguka wanajenga tena.) Mchezo ukiisha, mkufunzi anafanya nini? Akiwasha muziki na kusema "tumejifunza umoja ni nguvu, twende chai", basi umelipia chai. Akiwakalisha na kuuliza nani alisema wazo ambalo halikusikilizwa, nani aliliona kosa akanyamaza na kwa nini, nani alishika kazi zote, hapo toa daftari. Kama hawaulizi, uliza wewe. Umelipia.

Watawachorea pia ubaoni hatua za kikundi za mwanasaikolojia Bruce Tuckman, za mwaka 1965: watu wanakutana, wanagombana, wanakubaliana taratibu, ndipo kazi inakwenda. Mwaka 1977 aliongeza ya tano, kuachana. Ni mchoro mzuri, unasaidia kujua kwamba ugomvi wa wiki ya pili si dalili kwamba mmelaaniwa. Ila Tuckman alizitoa kwenye maandiko ya watu wengine, mengi yakiwa ya vikundi vya tiba, watu wanaokaa pamoja kwa miezi kuzungumzia maisha yao. Ninyi mna wiki tatu na tarehe ya kukabidhi. Msikae kusubiri hatua ya kugombana ipite yenyewe.

Ada nitakutumia Ijumaa kwenye simu, usikope kwa mtu, na bumu lako la mkopo usiliguse, hilo ni la chakula. Baba yako anasema elfu thelathini kwa kucheza tambi ni wizi, lakini ameuliza mara mbili semina inaanza lini.

Na yule mwenzenu uliyesema hatokei kabisa kwenye vikao. Umesema hana mkopo na usiku anaendesha bodaboda. Vikao vyenu mnaviweka saa mbili usiku. Mpigie, umuulize saa ngapi anaweza, hata kama ni asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, na umpe kipande ambacho anaweza kukiandika peke yake akiwa kijiweni anasubiri abiria. Akishindwa na hapo, ndipo uje tena na malalamiko, nitakusikiliza.

Wako,
Mama