Kwenu mnaoandika kuhusu Jenerali Shields

Wadogo zangu wa uzamili, Alhamisi nimesikiliza mapendekezo matatu ya utafiti, na yote yamefunguliwa kwa Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, ameshika upanga. Jamani!

1. Lincoln asiwe mlango wa kila nyumba. Ndiyo, mwaka 1842 James Shields, mkaguzi wa hesabu wa jimbo la Illinois, alichomwa na barua za kejeli gazetini ambazo Lincoln alihusika nazo, akamtaka wapigane. Lincoln akachagua panga za askari wa farasi, mikono yake mirefu akiijua. Wakavuka mto, marafiki wakawasuluhisha, wakarudi makwao. Hiyo ni aya moja. Mtu katoka Tyrone, Ayalandi, kajeruhiwa vibaya kifuani kwenye mapigano ya Cerro Gordo, vita vya Marekani na Meksiko, mwaka 1847, kawa seneta wa majimbo matatu, nyie mnang'ang'ania panga ambazo hazikukata kitu.

2. Hesabuni miezi. Hapa ndipo nilipozikwa mimi. Katiba ya Marekani inataka seneta awe raia kwa miaka 9. Shields alipata uraia Oktoba 1840, akaingia Seneti Machi 1849. Nikatoa: 1849 toa 1840, tisa, safi! Kabla mwezi haujaisha Seneti ikabatilisha uchaguzi wake, nami nikaona chuki dhidi ya Waayalandi Wakatoliki. Chuki ilikuwepo kweli nchini, kwa hiyo ushahidi wa kupamba sikukosa. Nikaandika sura nzima, nikaiita "Hila". Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje, mzee mpole, akavua miwani: "Mwanangu, Oktoba mpaka Machi ni miezi mingapi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole mbele za watu. Miaka 8 na miezi minne na siku kadhaa. Tarehe zote mbili nilizinakili mwenyewe, kwenye tanbihi ya ukurasa uleule. Illinois ilimchagua tena mwishoni mwa mwaka huohuo, miaka 9 imeshatimia, akakalia kiti mpaka 1855. Mimi nikauita "ushindi wa wanyonge". Msimamizi wangu alikuwa akitazama dari.

3. Mapigano ya Kernstown, Virginia, Machi 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: jeshi la Shields lilimshinda Stonewall Jackson, jenerali wa Kusini, lakini yeye alijeruhiwa siku moja kabla. Aliyeongoza mapigano ni Kanali Kimball. Mwandikeni.

4. Anayesema "alitumikia majimbo matatu" aseme na muda. Minnesota haukufika mwaka, Missouri ya 1879 ni wiki chache tu. Na mkifika Shieldsville, kijiji alichowapeleka Waayalandi wenzake huko Minnesota, ulizeni ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya mikataba ya 1851 kati ya serikali ya Marekani na Wadakota, wenyeji wa asili wa huko. Juzi mmoja wenu kaniambia ilikuwa "pori tupu". Nimenyamaza kwa sababu nilikuwa natafuna.

Sura ya "Hila" ninayo bado kabatini. Anayetaka kuona wino mwekundu aje ofisini, maandazi aje nayo.