Mbinu ya kukokotoa: ni thabiti, imara au tulivu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaandaa mhadhara wa hisabati kwa Kiswahili kuhusu namna kompyuta inavyokokotoa mwendo wa mawimbi ya maji na ya hewa. Kichwa nimekiandika hivi: "Mbinu za kinambari imara za kutatua sheria za uhifadhi za kihaipaboli". Mwenzangu anasema imara liondoke liwekwe thabiti. Mwingine anapenda tulivu. Na mwanafunzi mmoja alipokisoma aliuliza kama mhadhara unahusu mbuga za wanyama. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba. Fuata thabiti. Lakini hata ukilibadilisha neno hilo peke yake, kichwa chako bado kitakuwa na kasoro tatu, na kila moja inatokana na sarufi yetu wenyewe. Kwanza tuone ni jambo gani hasa tunalitafutia jina.

Chukua tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoanzia karibu na Sumatra, ikavuka Bahari ya Hindi na kuua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Kuikokotoa, bahari hukatwa vipande vidogo, na muda nao hukatwa hatua fupi fupi. Katika kila hatua kompyuta hutazama kila kipande: maji kiasi gani yameingia kutoka kwa jirani, kiasi gani yametoka, kimo kipya ni kipi. Kisha hurudia, maelfu ya mara. Penye kina cha mita 4,000 wimbi la aina hii huenda kwa kasi ya karibu mita 198 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Ukikata bahari vipande vya kilomita 2, wimbi huvuka kipande kimoja kwa sekunde 10 hivi. Hatua yako ya muda ikiwa sekunde 20, na kila kipande kikiwa kinapokea habari kutoka kwa jirani yake wa karibu tu, wimbi halisi litakuwa limevuka vipande viwili wakati hesabu imevuka kimoja. Hesabu haiwezi kujua jambo ambalo halijaifikia. Sharti hili, kwamba hatua ya muda isizidi muda ambao wimbi huvuka kipande kimoja, lilitolewa na wanahisabati Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy mwaka 1928, katika makala ya Kijerumani iliyoandikwa kabla hata kompyuta za elektroniki hazijakuwapo.

Lakini kulitimiza sharti hilo hakutoshi. Ipo mbinu moja ambayo kila anayeanza huifikiria: kupima mteremko wa maji kwa kulinganisha jirani wa kushoto na wa kulia kwa usawa, kisha kusogea mbele hatua moja ya muda. Inaonekana ya haki kabisa. Hata hivyo, ukichukua hatua ndefu kama sharti linavyoruhusu, mkunjo mmoja wa makosa, wenye urefu wa vipande vinne, huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2 (karibu 1.414) katika kila hatua. Baada ya hatua 20 kosa limekuwa mara 1,024. Kosa la nywele moja kwenye desimali ya mwisho limegeuka jabali, na bahari ya kwenye kompyuta inapanda na kushuka vimo ambavyo havijawahi kuwapo. Na ukifupisha hatua, kosa hupunguza mwendo wake wa kukua, lakini haliachi kukua.

Basi jambo tunalolitafutia jina ni hili: kosa dogo likiingia, lisikue bila kikomo kadiri hatua zinavyorudiwa. Halihusu bahari kuchafuka au kutulia, wala mbinu kuwa na nguvu. Linahusu hatima ya kosa.

Ukishikilia maana hiyo, tulivu linaanguka lenyewe. Utulivu ni wa maji, wa mtoto, wa nchi baada ya uchaguzi. Mbinu nzuri inatakiwa iweze kukokotoa hata wimbi la mshtuko, ambapo kimo au shinikizo huruka ghafla kutoka thamani moja hadi nyingine bila ngazi katikati. Humo hamna utulivu wowote, na hatuutaki. Kitenzi chake lakini tukihifadhi, kwa kuwa kuna kazi kinaifanya kuliko kingine chochote: kutuliza. Mwaka 1950 John von Neumann na Robert Richtmyer walipendekeza kuongeza mnato wa kubuni kwenye milinganyo ili mawimbi madogo ya uongo yanayozuka kando ya mshtuko yafifie. Hapo sema mnato unatuliza mitetemo. Hutapata kitenzi sahihi zaidi.

Imara nalo ni neno zuri lililowekwa mahali pasipo pake. Tunasema ukuta imara, afya imara, jeshi imara, yaani kitu kisichovunjika kikikutana na magumu. Hiyo ni sifa nyingine kabisa ya mbinu, na wanahisabati wanaihitaji. Fikiria mbinu yetu ya tsunami imefika ufukweni, ambako kina ni sifuri. Ili kupata kasi ya maji inabidi igawanye kwa kina. Ikigawanya kwa sifuri, hesabu nzima husimama. Mbinu hiyo ilikuwa thabiti tangu kilindini, lakini si imara. Ukilitumia imara kwa maana zote mbili, utakosa neno siku utakayotaka kuzitofautisha, na kwenye somo hili siku hiyo haiko mbali.

Thabiti linafaa kwa sababu ya kinyume chake. Mtu mwenye msimamo thabiti si lazima akae mahali pamoja. Anaweza kutembea dunia nzima. Asichofanya ni kuyumba anaposukumwa. Kitenzi kuyumba kipo tayari kwenye vinywa vya watu: chombo kimeyumba, uchumi umeyumba. Mbinu isiyo thabiti huyumba, na kuyumba kwake hukua. Tazama jinsi Kiswahili kinavyokupa jozi nzima bila kukopa kitu.

Kuna tahadhari mbili hata hivyo. Ya kwanza ni kwamba thabiti halina kitenzi cha kawaida chenye maana hii. Ukiandika "mbinu imethibitika", kila msomaji ataelewa kwamba imehakikishwa, imepatiwa ushahidi. Kwa hiyo usiseme "tumeithibitisha mbinu" ukikusudia kwamba umeiondolea kuyumba. Sema "tumeifanya thabiti". "Kuthibitisha uthabiti wa mbinu" ni Kiswahili safi chenye maana moja tu: kutoa hoja kwamba haiyumbi. Sauti zinafanana, lakini usiogope, maana hazigongani.

Tahadhari ya pili ni nzito zaidi. Nimekuta tafsiri zinazotumia uthabiti pia kwa sifa ya mbinu kuafikiana na mlinganyo wake, yaani vipande na hatua vikifanywa vidogo sana, kinachokokotolewa kigeuke kuwa mlinganyo uleule tuliokusudia. Hilo likiachwa, nadharia kuu ya somo zima inakuwa upuuzi. Peter Lax na Richtmyer walionyesha mwaka 1956 kwamba uthabiti na maafikiano haya ni vitu viwili tofauti, na kwamba ni vyote viwili vinavyokufikisha kwenye jibu. Kwa sifa hiyo ya pili napendekeza uoanifu, kutokana na kuoana. Nadharia yao basi husomeka hivi: kwa tatizo la mstari lililowekwa vizuri, mbinu oanifu hukaribia jibu la kweli ikiwa thabiti, na ikiwa si thabiti haikaribii. (Tatizo la mstari ni lile ambalo visivyojulikana havizidishwi vyenyewe kwa vyenyewe; lililowekwa vizuri lina jibu moja, lisiloruka kwa badiliko dogo la mwanzo.) Jaribu kuisema sentensi hiyo kwa neno thabiti mara mbili uone inavyojizunguka. Milinganyo yako mingi si ya mstari, kwa hiyo katika mhadhara utahitaji pia vipimo vikali zaidi vya uthabiti, kama kile cha Ami Harten cha mwaka 1983 kinachotaka jumla ya mapando na mashuko yote ya jibu isiongezeke hatua kwa hatua. Neno litabaki lilelile. Kipimo ndicho kinachobadilika, na unapaswa kukitaja.

Neno tengamaa hukulitaja, lakini nalileta kwa kuwa najua utalitamani. Tunasema hali ya mgonjwa imetengamaa, baada ya misukosuko. Lina wazo la kufika mahali pa kukaa. Litunze kwa mkondo wa maji au hewa uliofikia hali isiyobadilika tena kwa muda. Mkondo umetengamaa, mbinu ni thabiti.

Sasa mbuga za wanyama. Mwanafunzi wako hakukosea hata kidogo. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kwa msomaji wa magazeti maneno "sheria za uhifadhi" yanakwenda huko moja kwa moja. Uhifadhi kwa u- ni kazi ya watu: askari, mipaka, faini. Katika fizikia hakuna anayehifadhi. Kiasi chenyewe hakipotei, wala hakizuki. Andika hifadhi bila u-, na usiiache peke yake: hifadhi ya nini? Ya tungamo (kiasi cha maada), ya momenta (tungamo mara kasi), ya nishati. Badala ya sheria tumia kanuni, kwa kuwa sheria yaweza kuvunjwa. Tena kanuni haitatuliwi. Kanuni ni kauli kwamba kilichomo ndani ya kipande hubadilika kwa kile tu kinachopita mipakani mwake. Kinachotatuliwa ni mlinganyo uliotokana na kauli hiyo. Na mbinu yenyewe ifuate kanuni: kinachotoka kwa jirani mmoja kiingie kwa mwingine bila kupungua. Mbinu isiyofanya hivyo inaweza kukupa wimbi la mshtuko linalopendeza machoni, huku likisafiri kwa kasi isiyo ya kweli. Kwa anayetabiri tsunami hilo ni jambo la uhai na kifo.

Kihaipaboli liache kama lilivyo. Mkunjo tunauita haipabola, na ki- ya namna imefanya kazi yake ileile inayofanya katika kisayansi na kihistoria. Waeleze tu wanafunzi tangu mwanzo kwamba milinganyo ya aina hii hubeba habari kwa kasi yenye kikomo, maana bila hilo sharti la mwaka 1928 halina pa kusimama.

Iliyobaki ni mpangilio, na hapa ndipo ninapotaka uwe mkali kuliko penginepo. Thabiti na imara ni vivumishi visivyopokea kiambishi cha ngeli. Mti thabiti, kiti thabiti, mbinu thabiti: umbo ni moja. Mtulivu na kitulivu hujitambulisha vyenyewe. Thabiti hutambulishwa na jirani yake. Ulipoandika "mbinu za kinambari imara", msomaji hana alama yoyote ya kumwambia kilicho imara ni mbinu au ni nambari. Kisogeze kivumishi kando ya nomino yake: mbinu thabiti. Za mwishoni nazo zina shida. Mbinu, sheria na kanuni zote hupokea za katika wingi, hivyo "za kihaipaboli" iliyo mbali mwishoni inaweza kudaiwa na mojawapo. Ukihamia kwenye milinganyo, ambayo hupokea ya, unakutana na hifadhi, nayo katika umoja hupokea ya. Dawa ni kuitanguliza sifa. Kichwa chako kiwe: "Mbinu thabiti za kutatua kwa namba milinganyo ya kihaipaboli ya hifadhi ya tungamo, momenta na nishati". Kirefu, ndiyo, lakini kila neno limekaa na mwenyewe. "Kwa namba" imeshikana na kutatua, na hivyo umeepuka pia lile kinambari ambalo Watanzania wengi wangelitaka kuwa kinamba.

Niongeze neno moja usiloliulizia, kwa kuwa najua utalihitaji katika kurasa za mwanzo. Dawa ya kwanza ya ile mbinu ya usawa inayoyumba ni kuacha usawa: kila kipande kitazame upande ambako wimbi linatoka, si linakokwenda. Kwa sharti lilelile la hatua fupi, mbinu hiyo huwa thabiti. Sergei Godunov aliijenga juu ya wazo hilo mbinu yake ya mwaka 1959, na akaonyesha pia gharama yake: mbinu ya mstari isiyozusha mapando na mashuko mapya haiwezi kupita daraja la kwanza la usahihi, yaani ukikata vipande nusu, kosa nalo hupungua nusu tu. Nimeona wazo hilo likiitwa "mbinu ya juu ya upepo", na msomaji anabaki akitazama angani. Mabaharia wa pwani wana neno lake tangu zamani: joshi, upande wa chombo unakotoka upepo, na upande wa pili ni demani. Iite mbinu ya joshi. Kipande husoma jirani yake wa joshi, na wa demani humwacha.

Kuhusu herufi CFL unazoziona katika kila kitabu, ziandike hivyohivyo baada ya kutaja mara moja sharti la Courant, Friedrichs na Lewy kwa ukamilifu. Ni herufi za majina ya watu, na majina hayatafsiriwi.