Kuchora Cinderella: haki ni za nani?

Dada wa Nyegezi, nimekuelewa: unataka kumgeuza Cinderella kuwa kitabu cha katuni kwa watoto wa darasa la tatu, ila unaogopa kushtakiwa. Hadithi yenyewe haina mwenyewe tena. Charles Perrault aliichapisha Ufaransa mwaka 1697, ni ya zamani mno kuwa na hakimiliki. Cha kuogopa ni michoro ya Disney, kampuni ya filamu za katuni ya Marekani, kwa hiyo lile gauni la buluu alilomvalisha Cinderella achana nalo kabisa. Mvalishe kitenge, mweke Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, akishindilia dagaa kwenye viroba, mama wa kambo anahesabu. Picha hiyo inajieleza, usiiwekee maelezo! Mimi huweka picha nne hadi sita kwa ukurasa. Mchoraji akiwa mwingine, andikishaneni mapema haki za michoro ni za nani; mkataba wa mchapishaji mwonyeshe mwanasheria kabla hujasaini.