Bolti ya injini ikianza kuzunguka bure, pima tundu kwanza

Unakaza bolti ya kifuniko cha injini, mkono unasikia inazidi kuwa ngumu, halafu ghafla ugumu wote unapotea na spana inakwenda tu. Acha hapo hapo. Usijaribu kuongeza hata robo mzunguko ukidhani itakamata, maana kila unapozungusha unamalizia thredi (meno ya msokoto ndani ya tundu) chache zilizobaki, na hizo bado una kazi nazo.

Kwenye pikipiki, mara nyingi bolti yenyewe haina tatizo. Bolti ni chuma, injini ni alumini, na alumini ndiyo inayoliwa. Chomoa bolti uiangalie: ukikuta kijiuzi cheupe kinachong'aa kimejiviringa kwenye meno yake, hizo ndizo thredi za tundu zimetoka nayo. Kununua bolti mpya ya urefu uleule hakutakusaidia. Ukikuta meno ya bolti ndiyo yamelika na tundu ni zima, una bahati, badilisha bolti uendelee na shughuli zako.

Ikizunguka na haitaki kutoka, ingiza bisibisi bapa chini ya kichwa chake, iinue taratibu huku unaifungua. Ila angalia usiegemeze bisibisi pale gasketi inapokaa. Mkwaruzo mdogo hapo ni oili kuvuja.

Sasa hapa ndipo nagombana na mafundi wengi. Bolti ikikataa tu, wanashika drili. Mimi nasema shika kwanza kipande cha waya. Kitumbukize kwenye tundu mpaka kigote, weka alama, kisha linganisha na sehemu ya bolti inayoingia ndani. Matundu mengi yamekatwa thredi kwenda chini kuliko bolti inakofika, na hizo za chini ni mpya kabisa. Bolti iliyozidi ile ya zamani kwa milimita 5 tu inaweza kuzifikia, na kazi ikaisha bila kutoboa chochote. Vifuniko vingi nimevifunga hivyo na havijarudi.

Kuna masharti mawili. Bolti isigote chini kabla kichwa chake hakijakalia kifuniko. Na tundu lisiwe na oili ndani, kwa sababu oili haikubali kubanwa: bolti ikiisukuma na haina pa kutokea, alumini inapasuka. Lipulize kwa hewa au likaushe kwa kitambaa. Halafu hesabu thredi zitakazoshika. Kwenye alumini nataka bolti ishike angalau mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 9 kwa M6 (bolti yenye unene wa milimita 6) na milimita 12 kwa M8.

Tundu likiwa limekwisha lote, wapo watakaokushauri upanue uweke bolti nene. Inawezekana, lakini ukuta wa alumini unabaki mwembamba, kifuniko nacho lazima kitobolewe, na atakayeifungua pikipiki hiyo kesho atashangaa kwa nini bolti moja inataka spana ya peke yake. Wengine watakwambia uweke vipande vya waya au gundi ya epoksi. Kwenye kava la plastiki sawa. Kwenye kitu kinachozuia oili, kinachobeba breki au tairi, hapana.

Dawa ninayoiamini ni thredi za kuingiza, ile springi ya chuma cha pua inayouzwa kwa jina la Helicoil na majina mengine. Kwa M6 yenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1, unatoboa kwa drili ya 6.3, unakata thredi kwa tepu, kile chuma cha kuchongea meno ndani ya tundu, inayokuja na seti hiyo (tepu ya kawaida ya M6 haifai), kisha unaizungusha springi mpaka izame nusu mzunguko chini ya uso. Ule mkia wake wa chini unauvunja na kuutoa. Ikikaa vizuri, tundu linakuwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani, kwa sababu thredi zilizoko kwenye alumini sasa ni pana zaidi.

Ugumu wake uko kwenye kutoboa wima. Drili ikilala kidogo tu, bolti nayo italala. Mimi hurudisha kifuniko, nakibana kwa bolti nyingine, halafu napitisha drili kwenye tundu la kifuniko chenyewe. Mara nyingi lina nafasi ya kutosha na linaiongoza drili iende sawa. Kisha navua kifuniko ndipo nakata thredi. Tepu naipaka grisi nzito ishike unga wa alumini, nazungusha nusu mbele, robo nyuma. Na ziba kila uwazi wa injini kwa kitambaa kabla hujaanza, maana unga huo hata sumaku haiushiki.

Tundu la kumwagia oili lina mambo yake, kwa kuwa linafunguliwa kila sevisi. Pale napendelea bushi nzima yenye thredi ndani na nje. Tundu la plagi navua silinda hedi kabisa, na bolti za kalipa za breki napeleka kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Anza kila bolti kwa vidole. Izungushe kwanza kinyume mpaka usikie imedondoka kwenye njia yake, ndipo uingize. M6 kwenye alumini inataka nyutoni mita 10 hivi, nguvu ambayo kiganja kinaitoa bila jasho, kwa hiyo spana ndefu iweke pembeni. Bolti ya oili ikivuja, badilisha washa yake badala ya kuikaza zaidi. Na kama pikipiki yako ni Yamaha, kabla hujalazimisha kioo cha kulia, jaribu kukizungusha upande wa pili: nyingi zina thredi za kinyume pale, na nimeshaona zaidi ya moja zikiharibiwa na mtu aliyekuwa anakaza akidhani anafungua.