Maswali ya Wasomaji: Je, Uhandisi wa Uzalishaji Una Ajira?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM, na nyumbani kwetu ni Tukuyu, wilayani Rungwe. Nimevutiwa na uhandisi wa uzalishaji, lakini mjomba wangu, ambaye ndiye anayenilipia ada, anasema kazi hiyo ni kusimamia vibarua tu, na kwamba afadhali nisome ujenzi. Fani hii inafundisha nini hasa, na mtu wa huku kwetu atapata kazi wapi?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hoja ya mjomba wako ina msingi, kwa sababu wahitimu wengi huanza kama wasimamizi wa zamu, na anayepita nje ya kiwanda huona hilo tu. Fani yenyewe ni pana zaidi ya hapo.

Chukua kiwanda cha chai, ambacho kwenu Rungwe si kitu kigeni. Majani mabichi hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yachachuke, kisha hukaushwa mpaka unyevu ubaki takriban asilimia 3, ndipo yachambuliwe kwa madaraja. Kuchachuka hakusubiri mtu: ikiwa kikaushio kinapokea majani machache kuliko yanayotoka kwenye mashine ya kukata, yaliyobaki hupitiliza muda wake, chai hupoteza ladha na bei hushuka. Meneja asiyejua mtiririko huo anaweza kununua mashine ya pili ya kukata, na kwa kufanya hivyo akaongeza msongamano uleule. Mhandisi wa uzalishaji hupima muda wa kila hatua, hutafuta iliyo finyu kuliko zote, na huenda akagundua kuwa tatizo ni kuni mbichi zinazolishwa kwenye boila, hivyo joto la kikaushio halitoshi. Kwa maoni yangu, kazi ya namna hiyo inastahili miaka minne ya chuo.

Ndiyo maana utasoma hisabati na takwimu kwa kina, sayansi ya vifaa, ukerezaji, umiminaji na uungaji wa vyuma, upangaji wa uzalishaji, udhibiti wa ubora, gharama na usalama kazini. Usidharau takwimu.

Kuhusu chuo, angalia maudhui ya kozi kabla ya jina lake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uhandisi wa viwanda, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na unachokitaka. Ukipenda kubaki nyanda za juu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinafundisha uhandisi wa mitambo, na mhandisi wa mitambo anayechagua mradi wake wa mwisho na mafunzo yake kwa vitendo upande wa uzalishaji hukubalika viwandani bila shida.

Kazi zipo, ingawa si nyingi kiasi cha kukusubiri mlangoni. Ukiacha chai ya Rungwe, Mufindi na Njombe, kuna karatasi Mgololo, saruji Songwe, mbao Mafinga, maziwa Iringa, vinywaji Mbeya mjini na kahawa Mbozi. Viwanda vidogo vya kusindika parachichi, mpunga na alizeti vinahitaji sana ujuzi huu, lakini vingi havina uwezo wa kumwajiri mhandisi wa kudumu, kwa hiyo ukiwa tayari kuvihudumia kwa mikataba mifupi utakuwa umejifungulia njia ambayo wenzako wengi hawaioni. Anayeng'ang'ania ofisi ya mjini atakaa muda mrefu bila kazi.

Ukihitimu, jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha fanya kazi chini ya mhandisi mzoefu huku ukiandika kumbukumbu za kazi zako, kwa sababu ndizo utakazowasilisha unapoomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Kwa sasa, kabla hujajaza fomu za udahili, andika barua kwa meneja wa kiwanda kimojawapo cha chai kilicho karibu nawe, umwombe ruhusa ya kushinda humo siku moja, na ikiwezekana uende pamoja na mjomba.